Maji ya Glavu

Kocha aliposoma kikosi, jina la kwanza lilikuwa la Chande. Hakuna aliyepiga makofi. Wote walimtazama Lufunga, kipa wa siku zote, aliyekuwa akifunga kamba za viatu kana kwamba hajasikia.

Chande hakujua aangalie wapi. Mikono yake ilizoea kazi moja tu kabla ya mechi: pale klabuni, kipa wa akiba ndiye humwagia maji glavu za kipa wa kwanza, zilainike, zinase mpira. Basi akachukua chupa, akaenda kuchuchumaa mbele ya Lufunga kama kawaida.

"Unafanya nini?" Lufunga aliuliza.

"Samahani, kaka. Mazoea."

Lufunga akamnyang'anya chupa.

"Simama. Vaa glavu zako, ulete mikono."

Chande akavaa, akainyoosha. Lufunga akamimina maji taratibu, akikanda kidole kimoja kimoja ili yaingie vizuri.

"Wiki nzima unanikwepa," alisema kwa sauti ya chini. "Ulidhani nitakumeza?"

"Nilidhani hutasema na mimi tena."

"Nitasema sana. Kona ikija, toka. Usimsubiri beki."

Chande akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu Jumatatu, kocha alipomdokeza kwamba huenda akaanza yeye, akacheka peke yake. Nje filimbi ikalia. Akatoka mbio, maji yakidondoka sakafuni, na Lufunga akayafuata matone hayo hadi uwanjani, chupa mkononi, glavu zake mwenyewe zikining'inia kiunoni, kavu.