Doa na Kanga ya Mama Nakijwa

Sogeeni hapa wajukuu zangu, na anayetafuna muhogo ameze kwanza.

Mama Nakijwa alizoea kufanyia kazi nyumbani. Aliporudi ofisini, mbwa wake Doa alilia mlangoni mpaka majirani wakataka apelekwe shamba.

“Kaka, utatuhamisha,” alisema Paka wa nyumba hiyo. “Lalia kanga ya mama. Jioni ataifuata mwenyewe.”

Doa akailalia, na jioni mama akarudi kweli. Doa akazoea, usingizi ukamnogea.

Jumamosi mama akabaki nyumbani, akaivuta kanga ajifunge. Doa akaufuata mkoba wa mama wa kazini, akaubeba kwa meno, akamwekea miguuni.

“Mama, utachelewa.”

“Unanifukuza kwangu, we Doa?”

“Hapana, mama. Jioni urudi.”

Basi Doa alirithi kanga, Paka akarithi kiti alichokuwa akifanyia kazi mama, na mama akabaki na mkoba wenye alama za meno.