Picha ya Edani

Bi Mwanatumu alikuwa ametoka eda ya mumewe juzi tu. Miezi minne na siku kumi, hakuna mwanamume wa kando aliyemtia machoni.

Uwanja wa ndege, kwenye mlango wa kuingilia ndegeni, askari alimwonyesha kamera. "Mama, funua uso, mashine ikutambue."

Kabla hajagusa nikabu, taa ya kijani iliwaka.

"Basi, acha. Inakujua."

Kwenye skrini alijiona yuko chumbani kwake, amevaa nguo nyeupe za eda, macho yamevimba, dirisha limefungwa.

"Nani aliingia akanipiga picha?"

"Pita, mama. Watu wanangoja."

Alitoa kanga mkobani akaifunika skrini, kama walivyofunika vioo vya nyumbani siku ya msiba.

Chini ya kanga kikasikika kilio chake mwenyewe, kile alichokuwa akikizuia majirani wasisikie.