Baridi ya Buchani

"Nifungulie, ndugu yangu, nakufa!"

Daktari aligonga mlango wa chumba cha baridi cha buchani, meno yakigongana, mapaja ya ng'ombe yakining'inia kulia na kushoto.

"Kaa humo," Kinyozi alijibu kutoka nje. "Ulaya nani atakufungulia mlango? Midomo imepasuka?"

"Imepasuka!"

"Safi. Toka."

Mwenye bucha alicheka mpaka akashika mbavu. Vituko alishaviona vingi, lakini mtu wa kuomba afungiwe na nyama, huyu alikuwa wa kwanza.

Daktari hakuwa daktari wa chochote. Jina alipewa na ukoo siku mama yake alipouza shamba la marehemu baba ili mwana akasome katika ule mji wa kale wa Ulaya, wenye makanisa ya mawe na madaraja yaliyojengwa kabla babu wa babu hajazaliwa. Na jina ulilopewa na mama aliyeuza shamba, wewe, halivuliki kama shati.

Walirudi chumbani kwa Kinyozi kwa kupitia uchochoroni. Daktari hakupenda kuonekana barabarani. Walimwengu wana vijicho, alisema, na safari ya mtu huharibiwa na midomo ya watu.

Kinyozi akafungua kitabu cha watalii alichokipata kwenye mitumba.

"Makumbusho makubwa hufungwa lini?"

"Jumatatu."

"Darajani kuna nini?"

"Sanamu za watakatifu, na wachoraji wanaodai hela ukiwatazama tu."

"Theluji ikianguka inaliaje?"

Daktari akakuna kichwa. "Pwaa?"

"Pwaa ni papai! Theluji hailii, mjinga wewe. Watakutega hivyohivyo!"

Kisha Kinyozi akachukua koti jipya la sufu la Daktari, akaanza kulisugua viwiko kwa jiwe la kusugulia miguu.

"We! Umechanganyikiwa?"

"Koti linalong'aa litakuumbua hata kabla hujafungua mdomo. Miaka minne nakuvumilia humu ndani, unakula vyangu, unalala kwenye godoro langu. Hatuwezi kuharibu siku ya mwisho."

Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Mwanangu, ni kesho kweli?"

"Kesho, mama, Mungu akipenda."

"Ukoo mzima tunakuja uwanja wa ndege. Hata shangazi yako na miguu yake ile. Watu walinicheka, mwanangu, lakini sijuti. Shamba ni udongo tu."

Daktari akaweka simu chini, akageukia ukuta. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Nikishindwa kesho, mama atakufa."

"Basi usishindwe," Kinyozi alisema. "Haya, chuo kiko ng'ambo ipi ya mto?"

Kesho yake uwanja wa ndege ulifurika. Daktari alifunga koti mpaka shingoni, jua linawaka, jasho linamtiririka mgongoni. Alimshika Kinyozi mkono wa kwaheri. Ndege ilikuwa imekwisha kutua. Abiria wakaanza kutoka na mizigo yao, macho mekundu kwa kukosa usingizi, naye akavuta sanduku lake, akajipenyeza katikati yao, akatoka nao.

"Mwanangu umerudi!" Mama alimrukia shingoni, mashangazi wakapasua vigelegele. "Miaka minne ya Ulaya! Tazameni kisomo kilivyomkaa!"

Akamvuta mbele mdogo wake Daktari, aliyekuwa amesimama kwa adabu nyuma ya wajomba.

"Na huyu naye Mungu kamwona. Amepata nafasi chuo chako hichohicho, anaondoka Ijumaa. Nyumba nimeshaiuza. Haya, Daktari, kaa na mwenzio, umwandae."