Nyimbo za Vidole Viwili

Katika kisa hiki mjinga alikuwa Mwalimu, na baadaye aliwasimulia watu mwenyewe bila kulazimishwa, maana mjinga akierevuka huwa na maneno mengi.

Mwanafunzi alikuwa naye mmoja tu, mama wa makamo mwenye miwani, aliyeletwa na dada yake Mwalimu. Rafiki yangu huyu, dada alisema, hajui hata ukulele, hilo gitaa dogo la nyuzi nne, unashikwaje. Wengine wote Mwalimu alikuwa amewaaga tangu alipotoka hospitali, eti anapumzika. Ukweli aliuficha mfukoni pamoja na mkono wa kushoto. Ukiacha gumba, vidole viwili vya mkono huo vilimtii. Viwili vililala kama wageni walioshiba.

Siku ya kwanza mama yule alimsalimia kwa mkono wa kushoto, akaushika wake muda mrefu. Mwalimu akacheka moyoni: adabu ameisahau kwao.

Nyimbo alizichagua kwa ujanja. Alitoa zile za redioni ambazo hata kinyozi huzipiga mluzi, za kubana uzi kwa kidole kimoja, zikizidi sana viwili. Anayeanza huanza na rahisi, alisema kwa sauti ya profesa.

Lakini mama alikuwa mzito, jamani. Kila Jumanne alikwama palepale, penye kiitikio, akaomba aonyeshwe tena, polepole. Mwalimu akaonyesha mara sita, mara kumi. Wala mama hakutazama vidole vyake mwenyewe. Macho yalikuwa kwenye vya Mwalimu. Wiki ya tano mama akaleta wimbo wa tangazo la sabuni, unaotaka kidole cha tatu. Mwalimu alitokwa jasho, akaupiga kwa kuchechemea. Mama akaung'ang'ania wimbo huohuo wiki saba.

"Kichwa changu jiwe, Mwalimu," alisema kila akiondoka. "Usinichoke."

Na Mwalimu alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomtafuna. Mtu anajiita jiwe kwa sababu ya uongo wako, nawe unamfungulia mlango na kumwambia karibu tena.

Jumanne ya kumi na mbili ikamshinda. Alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akaungama: ana vidole viwili tu, amempotezea miezi mitatu, na sasa amtafute mwalimu mzima. Mama akasema hamtafuti mtu. Mwalimu akashikilia kwamba ukulele wake unaingia kabatini leo hii na hautoki. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

"Nilikudanganya, mama. Nyimbo nilizichagua kwa ajili ya vidole vyangu, si vyako."

Mama akauchukua ukulele, akakaza uzi mmoja uliolegea, akaupiga wimbo wa sabuni mwanzo hadi mwisho, na madoido juu yake, macho yakiwa dirishani. Kisha akamrudishia.

"Na mimi nilikuwa nakosea kwa ajili ya vidole vya nani? Dada yako hakuniokota sokoni, alinitoa chumba cha mazoezi ya viungo, kulekule hospitali, ambako kazi yangu ni kuamsha mikono ya wagonjwa. Nilikukuta na vidole viwili, leo wimbo huu unaupiga kwa vitatu. Haya, lete cha nne."