Alama za Mhanga

Palikuwa na Mhanga mkongwe, mnyama mchimba mashimo, fundi wa visima asiye na mpinzani. Aliposikia Bonde la Swala limekauka, alikwenda kuomba kuhamia huko. Kwenye lango la uzio wa bonde, Korongo, ndege karani, akamjazia fomu.

"Shikamoo, bibi. Ujuzi umekupa alama thelathini, lakini umri umekupa sifuri. Tunataka hamsini ndipo uingie."

"Marahaba. Na kiu yenu mmeipa alama ngapi?"

"Hiyo haimo kwenye fomu."

Mhanga akacheka, akasogea hatua kumi kutoka kwenye uzio, akachimba. Jioni maji yakabubujika. Wanyama wakaruka uzio, wakanywa na kuimba, na wa kwanza kutumbukiza mdomo alikuwa Korongo. Asubuhi wakaung'oa uzio, wakausimika ng'ambo ya kisima. Mhanga akawa mwenyeji wa bonde bila kuhama.