Tumbo Safi

Kondoo alirusha teke la mwisho, na damu ikamtapakaa daktari wa mifugo hadi shingoni. Alilipasua tumbo kwa kisu kilekile alichomchinjia, akaligeuza ndani nje juu ya meza ya bati.

Kondoo huyu hakuchanjwa. Alilishwa minyoo makusudi, ili tumbo lake lilinganishwe na matumbo ya wenzake waliopewa chanjo mpya ya minyoo. Hao walichinjwa asubuhi wakakutwa safi. Daktari alishangilia peke yake. Mdogo wake, mchungaji wa kondoo hao, aliinamisha kichwa.

Tumbo hili lilitakiwa kuwa limejaa minyoo. Lilikuwa laini, la waridi, kama ulimi wa mtoto.

“Ulimpa dawa ya minyoo.”

“Alishindwa kusimama, dada. Alikuwa anasaga meno tu.”

Daktari alimchapa usoni kwa lile tumbo la moto. Akamkaba koo, akambana ukutani, kisu kikizama kwenye ndevu zake.

“Nimezeekea kwenye chanjo hii. Sema ulimpa huyu tu. Sema waliochanjwa hukuwagusa.”

Damu ilimchuruzika kidevuni, ya kondoo na yake.

“Sasa ningewabaguaje, dada?”