Bata wa Kioo

Hori alikuwa fundi wa kupachika vioo vya rangi kwenye majeneza ya wakubwa: mafunjo, bata, mayungiyungi, mawimbi ya buluu. Asubuhi hiyo msimamizi alimwangalia bata aliyemalizika, akamgeukia Hori.

“Mzee, huyu umempachika jicho shingoni. Nenda nyumbani ukapumzike.”

Hori hakubisha. Macho yake yalikuwa yamechoka kitambo.

Mkewe, Tamiti, alimkuta ameketi nje ya karakana. Alimshika mkono, wakateremka mtoni.

“Mara ya mwisho ulifika lini huku?”

“Sikumbuki, mke wangu. Kila siku nilikuwa nikiutengeneza mto.”

Hori aliketi, akatumbukiza miguu majini. “Niambie mtoni kuna nini.”

Tamiti akaanzia ng’ambo, ambako mwanamke mmoja alikuwa akimwogesha punda.